Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara: Umahiri wa Wasimamizi Wakuu na Jinsi Wawekezaji Wanavyoisoma Misimamo ya Ushuru Isiyo na Uhakika

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanahisa wadogo wa Malindi na vitongoji vyake, hasa wale walionunua hisa kupitia chama au kwa malipo ya kustaafu, ambao kila mwaka hupokea ripoti ya kampuni, hutazama gawio, kisha huiweka kando. Maswali ni yale yanayorudi katika kila kikao. Mifano isiyotaja kampuni kwa jina ni ya kubuni, na tarakimu zake zimechaguliwa ili hesabu ziwe rahisi kufuatwa.

Msimamo wa ushuru usio na uhakika ni kitu gani hasa?

Ni uamuzi ambao kampuni imeufanya katika ritani yake ya ushuru, ikijua kwamba Mamlaka ya Ushuru (KRA) inaweza kuukataa. Chukua kampuni yenye hoteli ufuoni hapa Malindi. Sheria inairuhusu, katika mwaka wa kwanza wa matumizi, kuondoa asilimia 50 ya gharama ya jengo la hoteli kutoka kwenye mapato yanayotozwa ushuru. Sasa kampuni imejenga nyumba za wafanyakazi kwa shilingi milioni 40, lakini kiwanja chenyewe kiko ng'ambo ya barabara, nje ya ua wa hoteli. Mkurugenzi wa fedha anashikilia kwamba nyumba hizo ni sehemu ya hoteli, kwa kuwa mpishi anayemaliza zamu saa sita za usiku hawezi kurudi Gongoni na kuwa jikoni tena alfajiri. Afisa wa ushuru anaweza kujibu kwamba nyumba ya kulala mtumishi iliyo kwenye kiwanja kingine si hoteli.

Ikiwa mkurugenzi ana haki, milioni 20 zinaondolewa kwenye mapato, na kwa kiwango cha asilimia 30 kampuni inaokoa milioni 6. Ikiwa hana haki, milioni 6 hizo ni deni ambalo bado halijadaiwa. Mpaka suala litatuliwe, fedha ziko mkononi mwa kampuni lakini hakuna awezaye kuapa kuwa ni zake.

Je, huko si kukwepa ushuru?

Hapana. Mkwepaji huficha mapato au hughushi stakabadhi. Kampuni yetu imeweka kila kitu wazi na inabishania maana ya sheria. Ni kweli kwamba kati ya hayo mawili kuna eneo pana lenye ukungu, na baadhi ya washauri wanalipwa vizuri ili kuzunguka humo, lakini mwekezaji anayelichukulia kila fungu lililotengwa kwa ajili ya ushuru, yaani kiasi ambacho kampuni huandika kwenye hesabu zake kuwa huenda ikalazimika kukilipa, kuwa ushahidi wa wizi atawahukumu watu wengi bila sababu.

Kiasi kinachotengwa kinahesabiwaje?

Kenya imekuwa ikitumia viwango vya kimataifa vya uhasibu tangu mwaka 1999, kwa hiyo kampuni zetu zinafuata tafsiri iitwayo IFRIC 23, iliyotolewa Juni 2017 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2019. Nchini Marekani kanuni inayohusika ni FIN 48 ya mwaka 2006. Zote mbili zinamtaka mhasibu achukulie kwamba maafisa wa ushuru watakagua na watakuwa na taarifa zote. Mtu haruhusiwi kuhesabu bahati ya kutoshikwa.

Baada ya hapo njia zinatengana kidogo. Tuseme wasimamizi wa hoteli yetu wanaona kuna nafasi ya asilimia 30 ya kubaki na milioni 6 zote, asilimia 25 ya kubaki na milioni 4, asilimia 25 ya kubaki na milioni 2, na asilimia 20 ya kunyang'anywa zote. Mmarekani huuliza kwanza kama hoja, kwa nguvu yake ya kisheria, ina nafasi inayozidi asilimia 50. Ikiwa ndiyo, huanza juu na kushuka. Asilimia 30 haijavuka nusu. Akiongeza 25 anapata 55, amevuka, kwa hiyo anatambua milioni 4, yaani anazihesabu kuwa za kampuni, na kutenga milioni 2. Chini ya IFRIC 23, kampuni inapoona kwamba haielekei msimamo wake kukubaliwa, huchagua kati ya kiasi chenye uwezekano mkubwa kuliko vingine na wastani wa matokeo yote kwa uzito wa nafasi zao, kutegemea ni kipi kitakachobashiri vyema zaidi. Wastani hapa ni milioni 3.3, na fungu linalotengwa ni milioni 2.7. Hoteli ni ile ile, nyumba ni zile zile, na tofauti ni laki saba.

Hata hivyo, jambo zito haliko kwenye kanuni. Nani aliyesema kwamba nafasi ni 30 na si 45? Ni wasimamizi. Hakuna mizani ya kupimia asilimia hizo. Zinatoka katika uzoefu wao, ushauri waliolipia, na hulka zao. Kwa sababu hiyo swali la umahiri wao si la pembeni.

Kwa nini basi wawekezaji wawili waone fungu la kiasi kile kile, mmoja afurahi na mwingine auze hisa?

Kwa sababu tarakimu peke yake haijibu swali walilo nalo. Fikiria daftari la madeni la mwenye duka: deni la shilingi elfu kumi lililoandikwa mbele ya jina la mtu anayelipa kila mwisho wa mwezi ni mali, na deni hilo hilo mbele ya jina jingine ni hasara iliyochelewa tu. Mwenye duka husoma jina kabla ya kusoma kiasi. Mwekezaji naye, anapokuta kwamba kampuni imetenga milioni 200 kwa ajili ya misimamo isiyo na uhakika, hutazama ni nani waliozitenga.

Umahiri unaingia katika usomaji huo kwa zaidi ya mlango mmoja. Ulio wazi zaidi ni ubora wa makadirio. Msimamizi anayeijua biashara yake mpaka ndani anajua pia ni hoja ipi itasimama na ipi itaanguka, kwa hiyo fungu analolitenga linakaribiana na kile kitakacholipwa hatimaye. Mwekezaji akiwa na imani hiyo, anaweza kuichukulia sehemu isiyotengwa kuwa faida ya kweli, na sehemu iliyotengwa kuwa bei ya juu ambayo huenda isitozwe yote.

Mlango wa pili, ambao kwa maoni yangu una uzito kuliko wa kwanza ingawa hauzungumzwi sana, ni matumizi ya fedha zenyewe. Ushuru uliocheleweshwa au kuokolewa ni mtaji usio na mkopeshaji wa kuudai kwa sasa. Mikononi mwa msimamizi anayejua kuzifanya shilingi mia zizae, milioni 6 zilizobaki hotelini zinaweza kuwa vyumba vilivyokarabatiwa kabla ya msimu wa Desemba, na hata ikija siku ya kuzirudisha pamoja na riba, zitakuwa zimeshazalisha zaidi. Mikononi mwa msimamizi dhaifu zitapotelea kwenye gari jipya la ofisi na safari za semina, kisha deni litakuja na hakuna kitu cha kulilipa. Msimamo wa kisheria ni mmoja. Thamani yake kwa mwanahisa ni tofauti kabisa.

Upo pia mpangilio wa kazi. Msimamizi mahiri kwa kawaida hupanga biashara kwanza na ushuru ukafuata, kiasi kwamba akiulizwa kwa nini ghala liko hapa au mkopo ulichukuliwa kule, ana jibu la kibiashara lililoandikwa siku uamuzi ulipofanywa. Msimamizi asiyejua hununua mpango wa ushuru kutoka kwa mshauri kama ulivyo, akaubandika juu ya biashara isiyolingana nao, na nyaraka huanza kutafutwa siku barua ya ukaguzi inapofika.

Umahiri unapimwaje? Si kila mkurugenzi husifiwa magazetini?

Sifa za magazetini si kipimo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Watafiti wengi wa uhasibu hutumia kipimo kilichobuniwa na Demerjian, Lev na McVay na kuchapishwa mwaka 2012. Wanachukua kampuni za sekta moja, wanalinganisha rasilimali ambazo kila moja imetumia, kama vile gharama za bidhaa, za uendeshaji, mitambo na utafiti, na mauzo yaliyopatikana kutokana nazo. Kampuni inayopata mauzo mengi kwa rasilimali chache ina ufanisi mkubwa. Kisha wanaondoa sehemu ya ufanisi inayotokana na kampuni yenyewe, kwa mfano ukubwa wake, umri wake na sehemu yake ya soko. Kinachobaki wanakihesabu kuwa mchango wa wasimamizi.

Ni kipimo cha busara, lakini "kinachobaki" hubeba mengi, ikiwemo bahati. Tena kinahitaji kampuni nyingi za aina moja, ilhali katika Soko la Hisa la Nairobi sekta nyingine zina kampuni zinazohesabika kwa vidole. Mwanahisa wa Malindi atalazimika kutumia njia ya mkono: hoteli mbili zenye vyumba karibu sawa, pwani moja, kusi lile lile lililofukuza wageni, moja ikapunguza gharama na kubaki na wafanyakazi wake, nyingine ikafunga na kufungua tena ikiwa na madeni. Miaka kadhaa ya ulinganisho wa namna hiyo inasema mengi kuliko hotuba ya mkutano mkuu.

Je, kuna ushahidi kwamba mtu mmoja anaweza kubadilisha ushuru wa kampuni nzima?

Upo. Utafiti wa Dyreng, Hanlon na Maydew uliochapishwa mwaka 2010 uliwafuata wasimamizi wakuu wa Marekani walipohama kutoka kampuni moja kwenda nyingine, na ukaonyesha kwamba kiwango cha ushuru ambacho kampuni hulipa hutegemea kwa sehemu ni nani anayeongoza, hata kama mtu huyo hana taaluma ya ushuru. Utafiti mwingine, wa Koester, Shevlin na Wangerin, uliochapishwa mwaka 2017, ulitumia kipimo nilichokieleza hapo juu na kukuta kwamba wasimamizi wenye uwezo zaidi huongoza kampuni zinazolipa ushuru mdogo zaidi. Kampuni zote hizo ni za Marekani, na msomaji asizihamishe tarakimu zao kuja Mtwapa au Malindi kana kwamba sheria na masoko ni mamoja.

Kama walio mahiri hulipa kidogo, kwa nini wawekezaji wasiwaogope kwanza wao?

Kulipa kidogo na kuwa katika hatari si kitu kimoja. Kampuni inaweza kulipa ushuru mdogo kwa kutumia nafuu ambayo Bunge limeiandika waziwazi, na hapo hakuna cha kubishania. Mwekezaji makini hutenganisha mambo mawili: kiwango cha ushuru kilivyo chini, na kiwango hicho kinavyoyumba mwaka hadi mwaka. Kiwango cha chini kinachotulia huashiria mpango unaoeleweka. Kiwango kinachoruka kutoka asilimia 12 hadi 41 kisha kurudi 15 kinaonyesha kwamba mtu anabahatisha na mara nyingine anakamatwa.

Msimamizi mahiri hawezi kushindwa mahakamani?

Anaweza, na vibaya sana. Mahakama haisomi wasifu wa mkurugenzi. Mifano miwili ya Marekani inafaa kuwekwa pamoja, kwa kuwa yote ilihusu bei ambazo kampuni hutozana na matawi yake ya nje kwa haki za ubunifu na majina ya kibiashara. Amazon ilishinda katika mahakama ya ushuru mwaka 2017, na ushindi huo ukathibitishwa kwenye rufaa mwaka 2019. Coca-Cola ilishindwa kwa sehemu kubwa katika mahakama hiyo hiyo Novemba 2020, kwa miaka ya 2007 hadi 2009, na mwaka 2024 ikalipa takriban dola bilioni 6 pamoja na riba huku ikikata rufaa. Muda wote Coca-Cola ilishikilia kwamba ingeshinda, kwa hiyo kiasi ilichokuwa imetenga kilikuwa sehemu ndogo ya bili iliyokuja.

Hakuna mtu angewaita wasimamizi wa kampuni yoyote kati ya hizo mbili kuwa wazembe. Kwa hiyo umahiri unapunguza wasiwasi wa mwekezaji kuhusu makadirio kwa jumla, lakini hauondoi hatari ya kesi moja kubwa. Fungu linalotokana na misimamo mingi midogo na fungu linalotokana na kesi moja yanastahili kusomwa kwa macho tofauti, hata yakilingana kwa kiasi.

Je, umahiri wenyewe unaweza kuwa tatizo?

Ndiyo, na hapa ndipo wanavyama wengi hukunja uso. Mpango wa ushuru uliofungwa vizuri ni mgumu kusomwa na afisa wa ushuru, na kwa sababu hiyo hiyo ni mgumu kusomwa na mwanahisa. Msimamizi hodari aliye na bodi ya jamaa na marafiki anaweza kuitumia kampuni tanzu iliyo nje ya nchi kuokoa ushuru leo na kujinufaisha mwenyewe kesho, na wote wawili, KRA na mwanahisa, wakabaki wamefungiwa nje. Uwezo si uaminifu. Ningependelea msimamizi wa wastani aliye chini ya kamati ya ukaguzi inayouliza maswali kuliko gwiji asiyeulizwa na mtu.

Tena kuna kupumbazwa na jina. Mwekezaji aliyempenda mkurugenzi kwa sababu ya gawio la miaka iliyopita husamehe fungu la ushuru linalokua kila mwaka bila maelezo, ambalo angelikemea katika kampuni nyingine.

Sheria yenyewe ikiwa haitulii, lawama ni ya nani?

Si ya msimamizi. Hapa Kenya ushuru wa kima cha chini, asilimia 1 ya mauzo yote hata kwa kampuni isiyopata faida, ulianza Januari 2021, Mahakama Kuu ya Machakos ikaufuta Septemba mwaka huo huo, na Mahakama ya Rufaa ikakubaliana nayo Desemba 2022. Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilibatilishwa na Mahakama ya Rufaa tarehe 31 Julai 2024, kisha Mahakama ya Juu ikaupindua uamuzi huo Oktoba mwaka huo. Mhasibu aliyekuwa akifunga hesabu katikati ya miezi hiyo hakuwa na umahiri wowote wa kumwambia majaji wangesema nini.

Tofauti huonekana katika jinsi kampuni ilivyojieleza: wapo walioandika kwa uwazi kiasi kilichokuwa hatarini na kwa nini walikitenga au hawakukitenga, na wapo walionyamaza.

Mgogoro wa ushuru huchukua muda gani, na gharama yake ni ipi?

Kampuni iliyopokea makadirio ya ushuru ina siku 30 za kuwasilisha pingamizi; Kamishna ana siku 60 za kuamua; kisha kuna siku 30 za kwenda kwenye Jopo la Rufaa za Ushuru, na baadaye Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufaa. Upo pia usuluhishi nje ya mahakama, ambao msimamizi mwenye busara huutumia pale hoja yake inapokuwa nusu kwa nusu. KRA kwa kawaida inaweza kurudi nyuma miaka 5, na zaidi ya hapo ikiwa kuna udanganyifu au uzembe wa makusudi.

Riba ya ushuru uliochelewa ni asilimia 1 kwa mwezi. Kwa milioni 6 za hoteli yetu hiyo ni shilingi 60,000 kila mwezi, na baada ya miaka 5 ni milioni 3.6, kabla ya adhabu. Msimamizi anayeshikilia msimamo dhaifu kwa ajili ya heshima yake anailipia heshima hiyo kwa fedha za wanahisa.

Katika ripoti ya mwaka nitazame wapi?

Anza na maelezo ya ushuru, ambapo kampuni inalazimika kueleza kwa nini kiwango chake halisi kinatofautiana na asilimia 30. Mstari unaoitwa "marekebisho ya miaka iliyopita" ndio wenye siri. Ukiwa mdogo, na mara upande huu mara ule, makadirio ya wasimamizi ni mazuri. Ukiwa kila mwaka unaongeza ushuru, wamezoea kutenga pungufu. Ukiwa kila mwaka unapunguza, wanatenga kupita kiasi na huenda wanaitumia ziada kulainisha faida ya mwaka mbaya.

Kisha linganisha gharama ya ushuru iliyo kwenye hesabu ya faida na ushuru uliolipwa hasa, ulio kwenye taarifa ya mtiririko wa fedha. Pitia maelezo ya dhima tarajiwa, yaani madeni yanayoweza kutokea lakini hayajathibitika, na usiiruke ripoti ya mkaguzi: kwa kampuni zilizoorodheshwa mkaguzi hutaja mambo yaliyomshughulisha zaidi, na ushuru ukitajwa humo, soma aya hiyo mara mbili.

Kampuni yangu haisemi lolote kuhusu misimamo hii. Ni dalili njema?

Si lazima. Marekani inazitaka kampuni zilizoorodheshwa kuweka jedwali linaloonyesha fungu lilivyoanza mwaka, lilivyoongezeka, lilivyopungua na lilivyoisha. IFRIC 23 haidai jedwali kama hilo, kwa hiyo kampuni ya Nairobi inaweza kuwa na mgogoro mkubwa na ikautaja kwa sentensi mbili. Wasimamizi nao wana sababu halali ya kuogopa kusema sana, kwa kuwa afisa wa ushuru naye husoma ripoti. Nchini Marekani hofu hiyo imepungukiwa na maana tangu mwaka wa ushuru wa 2010, kampuni kubwa zilipoanza kutakiwa kuitaja misimamo yao moja kwa moja kwa mamlaka. Kizingiti kilianzia kwenye mali ya dola milioni 100 na kikashushwa hadi milioni 10 kufikia 2014.

Una haki ya kuuliza katika mkutano mkuu wa mwaka. Uliza swali moja lenye tarakimu: kati ya mafungu yaliyotengwa miaka 5 iliyopita, ni kiasi gani kililipwa na kiasi gani kilirudishwa kwenye faida?

Mkurugenzi tuliyemwamini akiondoka, fungu lake tulisomeje?

Kwa tahadhari kwa miezi ya mwanzo. Misimamo iliyoachwa ilijengwa juu ya ujuzi wa mtu ambaye hayupo tena kuitetea, na mara nyingi yeye ndiye aliyejua faili ziko wapi. Mrithi naye ana kishawishi chake: akitenga fungu kubwa katika mwaka wake wa kwanza, lawama humwendea aliyeondoka, na ikiwa fedha hizo hazitahitajika, zitarudi baadaye kama faida iliyopatikana chini ya uongozi wake. Kwa hiyo ongezeko kubwa la ghafla la fungu baada ya mabadiliko ya uongozi halithibitishi kwamba aliyetangulia alikuwa mzembe. Subiri uone ni kiasi gani hasa kinalipwa kwa KRA, na angalia kama mkurugenzi wa fedha aliyebaki bado anaitetea misimamo ile ile aliyokuwa akiitetea mwaka uliopita.